Gari Lako Lilikuwa na Adabu Lilipokuwa Japani

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za hifadhidata, seva na programu zinazogoma saa nane za usiku. Leo mtanisamehe. Kuna jambo limenikwama kooni kwa miezi kadhaa, na nisipolitema litanikaba. Majirani zangu wameigeuza njia ya waendao kwa miguu kuwa gereji.

Sizungumzii katikati ya jiji. Kule kuna kanjo, kuna ada ya maegesho, kuna gurudumu kufungwa chuma. Nazungumzia barabara zetu ndogo za mtaani huku Eastlands, zile za ndani ndani, zenye mageti pande zote mbili na duka kila kona. Kwenye barabara yetu kuna njia ya kabro kando, upana wa mita moja na nusu hivi. Ilijengwa ili mtu apite bila kugusana na magari. Leo ni ya Probox, Vitz, Noah na Prado. Baadhi hupanda magurudumu mawili juu na kuacha mawili chini. Mengine hupanda yote manne, pua ikigusa ukuta. Ukirudi kutoka kazini saa moja jioni, njia haipo tena. Na gari lisilokwenda kazini hubaki pale hata wiki nzima.

Niseme mapema kwamba wenye magari haya si watu wabaya. Ni watu tunaosalimiana kila siku. Mtu akifiwa tunachanga pamoja, mtoto akilazwa tunachanga pamoja. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulisema. Angekuwa adui ningempigia kelele nikamaliza. Lakini utamwambiaje mtu aliyekupeleka hospitali kwa gari hilohilo kwamba gari lake linahatarisha watu?

Hebu tupige hesabu kwanza, maana mimi ni mtu wa hesabu. Probox ina upana wa karibu mita 1.7. Ikipanda nusu juu ya njia, imekula sentimita 85. Toa hizo kwenye mita moja na nusu, unabaki na sentimita 65. Sasa toa kioo cha pembeni kinachochomoza. Umebaki na nusu mita, na upande wa pili ni ukuta wenye vigae vya chupa juu. Kiti cha magurudumu kinahitaji takriban sentimita 90 ili kipite bila kukwaruza. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi hapiti. Watoto wawili walioshikana mikono kwenda shule hawapiti. Kwa hivyo wote hawa wanateremka barabarani, mahali ambapo bodaboda na matatu iliyokwepa foleni ya barabara kuu zinapita kama zinafukuzwa.

Hili si jambo la kuudhi tu. Kila mwaka takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani Kenya, kuliko abiria, kuliko madereva, kuliko waendeshaji pikipiki. Na hapa Nairobi zaidi ya thuluthi moja ya safari zote hufanywa kwa miguu. Tunaotembea ndio wengi, halafu ndio tunaopewa makombo ya barabara. Na hata makombo yenyewe sasa tunanyang'anywa.

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja asiyeona. Hutembea na fimbo yake nyeupe hadi dukani na kurudi, na njia ile ameikariri: ukuta, geti, geti, nguzo ya stima, duka. Ramani yote iko kichwani. Gari likiegeshwa pale, ramani imevunjika. Fimbo hugonga gurudumu, lakini kioo cha pembeni fimbo haikioni, hukutana nacho kwa kifua. Kisha inambidi aamue: ageuke arudi nyumbani, au ateremke barabarani ambako hakuna ukuta wa kumwongoza. Siku hizi mara nyingi hungoja mtu apite amshike mkono. Mtu aliyekuwa akijitegemea amefanywa mwombaji wa msaada na gari lililozimwa.

Kuna asubuhi moja nilimkuta jirani mwenye gari la karibu na duka akilipangusa vumbi, nikaona basi, leo ni leo.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Nzuri sana, kijana wangu. Kazini?"

"Ndiyo. Mzee, naomba usinielewe vibaya. Hapa gari linapolala, watu hawana pa kupita. Jana mzee wetu asiyeona ameteremka barabarani, pikipiki imemkosa kidogo tu."

Hakukasirika. Aliitazama ile njia, akalitazama gari, akasema kwa upole, "Kijana wangu, sasa wewe unataka nililaze wapi?"

Niliondoka nikiwa na lile swali hadi kwenye stegi, na nimekuwa nalo tangu siku hiyo. Maana ni swali la haki. Ploti anayoishi ina nyumba karibu arobaini na nafasi sita za magari. Mwenye ploti alibomoa nyumba moja ya chini akainua orofa, na chumba kilichokuwa cha magari akakifanya maduka. Jirani hakuumba tatizo hili peke yake. Lakini swali lake, pamoja na haki yake yote, limechelewa. Lilipaswa kuulizwa kabla gari halijanunuliwa.

Na hapa ndipo Japani inaingia. Wakati tunaongea, macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha nyuma cha gari lake. Kulikuwa na stika ndogo ya duara yenye maandishi ya Kijapani. Mmeziona, magari mengi ya mtumba yaliyoletwa Kenya bado yanazo. Watu hudhani ni mapambo au stika ya bima. Kumbe Japani walikuwa na stika ya aina hiyo kioo cha nyuma yenye maana moja tu: gari hili lina mahali pa kulala, na polisi wamethibitisha.

Japani ilitunga sheria ya mahali pa kuhifadhi magari mwaka 1962. Kwa ufupi iko hivi. Ukitaka kusajili gari la kawaida, unakwenda kituo cha polisi na hati inayoonyesha una haki ya kutumia mahali fulani pa kuliegesha, pawe pako au pa kukodi. Mahali hapo pasizidi kilomita 2 kutoka unapoishi. Unachora ramani ya eneo na vipimo vyake, ili waone gari litaenea. Ukikosa cheti hicho, gari halisajiliwi. Sheria hiyohiyo inakataza kuifanya barabara kuwa ghala: gari lisikae mahali pamoja barabarani saa 12 mfululizo, na usiku saa 8. Stika yenyewe ilifutwa Aprili 2025, lakini cheti bado kinatakiwa.

Sasa tafakarini jambo hili. Magari mengi ya mtumba tunayonunua Kenya hutoka Japani, kwa sababu wao pia huendesha upande wa kushoto kama sisi. Kwa hivyo gari lile lile ambalo kule halikuweza kupewa namba bila kuonyesha litalala wapi, linashuka Mombasa, linalipiwa ushuru, linapewa namba ya Kenya, na hakuna mtu hata mmoja katika safari hiyo yote anayeuliza, "Na hili litalala wapi?" Tulinunua gari, adabu yake tukaiacha bandarini Yokohama.

Najua mtakalosema. "Japani ni matajiri, wana treni." Kweli wana treni. Lakini tazameni mwaka wa sheria: 1962. Treni yao ya kasi, Shinkansen, ilikuwa bado haijaanza, ilianza 1964. Magari yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuongezeka. Waliweka sheria wakati ambapo wengi bado hawakuwa na gari, kwa hivyo haikuwa vigumu kuizoea. Kenya bado tuko hapo. Kaya nyingi nchini hazina gari. Tukingoja hadi kila mtu awe nalo, hakuna mwanasiasa atakayethubutu kuligusa jambo hili.

Mnaoandika programu mtanielewa haraka. Programu ikitaka kutumia kumbukumbu ya kompyuta, inaomba kwanza. Mfumo endeshi unaipa sehemu yake, na ikijaribu kuandika kwenye sehemu ya programu nyingine inauawa hapo hapo. Hakuna anayesema "lakini masikini ilikuwa na shida ya nafasi." Tungeruhusu kila programu ijichukulie tu pale panapoonekana pako wazi, mashine nzima ingeanguka kabla ya chai ya saa nne. Njia ya miguu ikionekana iko wazi si kwamba haina mwenyewe. Iko wazi kwa sababu kuwa wazi ndiyo kazi yake!

Haya, nijibu hoja ninazozisikia mtaani.

Ya kwanza: "Nikiliacha mbali wataiba vioo na taa." Hofu hii ni ya kweli, Nairobi tunaijua. Lakini tazama unachofanya: unahamisha hatari. Wewe umeepuka hatari ya kununua kioo kingine, ukampa mtoto wa darasa la pili hatari ya kugongwa. Kioo kinauzwa. Na zipo ploti zenye walinzi, na hata baadhi ya makanisa, zinazolaza magari usiku kwa malipo ya mwezi. Ni gharama, nakubali. Lakini ni gharama ya gari lako, kama mafuta na bima.

Ya pili: "Mimi nalipa ushuru wa barabara kwenye mafuta." Unalipa, na ulipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Lakini abiria wa matatu pia huulipa ndani ya nauli. Mama mboga huulipa kwenye lori lililoleta sukuma wiki. Hakuna anayepata kipande cha njia ya kulala kwa sababu ya ushuru huo.

Ya tatu: "Mbona vibanda na bodaboda huwasemi?" Nawasema. Anayeziba njia ameziba njia, awe na mandazi au Prado. Ila mwenye kibanda ukimwomba asogeze meza, anasogeza. Prado ina zaidi ya tani mbili na mwenyewe amelala.

Ya nne, na hii ndiyo huniudhi: "Si kosa, hakuna kibao kinachokataza." Mwaka 2012 Bunge lilirekebisha Sheria ya Trafiki, na kuendesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu kukawa kosa la kutozwa faini au kufungwa. Sasa niambieni, gari lako lilifikaje pale juu? Lilishushwa na helikopta? Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote bila vikwazo visivyo na sababu. Yule mzee wa fimbo nyeupe haombi hisani.

Lakini hiyo hoja ya kibao inafunua shina la tatizo. Aliyewahi kupanga ulinzi wa seva anajua njia mbili. Unaweza kufunga milango yote kisha ufungue unayoihitaji, au uache yote wazi kisha ufunge mmoja mmoja kila mwizi anapoingia. Ya pili ni kazi isiyokwisha. London ilichagua ya kwanza kwa sheria ya 1974: kuegesha juu ya njia za miguu hairuhusiwi, isipokuwa palipowekwa kibao cha kuruhusu. Sehemu kubwa ya Uingereza nje ya London kwa miongo mingi ilikuwa kinyume chake, na malalamiko hayakwisha. Uskoti ilitunga sheria yake ya kukataza mwaka 2019, na tangu Desemba 2023 mabaraza yake yana mamlaka ya kutoza faini. Mtaani kwetu tunaishi kwa ile njia ya pili. Kila kipande cha kabro ni maegesho mpaka mtu apige kelele, na anayepiga kelele anaonekana mgomvi.

Rafiki yangu mmoja alinishauri nitengeneze programu ya simu: piga picha ya gari, namba inasomwa, ripoti inatumwa. Ningeiandika wikendi mbili. Sitaiandika. Hatuna upungufu wa habari hapa. Kila mtu mtaani anaona gari liko wapi na la nani. Programu hiyo ingetufanya majirani tunaopigana picha dirishani, na magari yangebaki palepale.

Nini kifanyike basi? Mimi naona mambo manne, na matatu kati yake hayangoji mtu kutoka nje ya mtaa.

Kwanza, muungano wa wakazi ukae, wenye magari na wasio na magari pamoja, na kanuni iwe moja: njia ya miguu si ya gari, usiku wala mchana. Anayekosea aonywe mara ya kwanza, atozwe kidogo mara ya pili, zaidi mara ya tatu. Hii si ndoto yangu. Mmarekani Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza malisho, misitu na mifereji ya maji kwa pamoja, na akaona zilizofaulu ni zile ambazo wenyeji walishiriki kutunga kanuni zao, na adhabu ikaanza ndogo ikapanda taratibu. Kama wafugaji na wavuvi wanaweza, sisi wa vyama vya kina mama na sacco tunashindwaje?

Pili, wapangaji tuwaulize wenye ploti. Nafasi sita kwa nyumba arobaini ziandikwe kwenye mkataba, na mpangaji mwenye gari aambiwe ukweli kabla hajalipa dipoziti. Sasa hivi dalali husema "parking iko" huku akinyoosha kidole kwenye njia ya miguu.

Tatu, zile ploti tupu na viwanja vya makanisa. Muungano unaweza kuzungumza nao kwa niaba ya wenye magari thelathini na kupata bei nzuri kuliko mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo swali la jirani yangu linapata jibu. Sitaki kumfukuza bila kumwonyesha pa kwenda.

Nne, vigingi. Nguzo fupi za zege, moja kila mita 1.2. Kiti cha magurudumu kinapita, mkokoteni mdogo unapita, Vitz haipiti. Nguzo haichoki, haihongwi, haina undugu na mtu. Lakini njia ni mali ya umma, kwa hivyo ruhusa itoke kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linasema barabara za kaunti, trafiki na maegesho ni kazi yao. Nairobi ilikuwa na sera ya usafiri wa miguu na baiskeli tangu 2015. Tuwapelekee barua yenye sahihi za mtaa mzima tuone.

Na kuna la tano la Nairobi kubwa, ambalo si la mtaa mmoja. Kabla ya kumruhusu mwenye ploti kuinua orofa nane, na kabla gari halijapewa namba, mtu aulize lile swali la Wajapani. Mitaa kama Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi ambao wakoloni hawakutarajia wamiliki gari. Walikosa kuona mbele. Sisi tunajenga leo, magari tunayaona kwa macho, na bado tunajenga kana kwamba hayapo.

Kabla hamjasema nina wivu: ndiyo, mimi sina gari, lakini naweka akiba ya kununua Demio. Nina jedwali langu la hesabu, bei, ushuru, bima, mafuta, gereji. Mwezi uliopita niliongeza mstari mwingine: pa kulala, kila mwezi. Ule mstari umesogeza tarehe ya kununua mbele kwa miezi kadhaa, na umeniuma. Lakini hiyo ndiyo bei halisi ya gari. Ile niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa bei ambayo sehemu yake ingelipwa na mzee wa fimbo nyeupe.

Kwa hivyo wewe unayekaribia kuagiza gari lako la kwanza, hongera kutoka moyoni. Kabla hujatuma pesa, toka nje ya geti, tazama kushoto na kulia, ujiulize litalala wapi. Kama jibu ni "hapo kando tu", bado hujawa tayari.

Ni hayo kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwa hifadhidata, naahidi.